Zabuni ya Kocha

Kiwandani walimwita Bwana Tatu, na jina hilo hakulichukia. Alikuwa afisa manunuzi wa kiwanda cha magodoro, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kununua kitu, uwe msumari au liwe lori, kabla hajaletewa bei tatu kutoka kwa wauzaji watatu, kila moja na mhuri wake. Huo ndio utaratibu wa kazi, na hakuna wa kumlaumu mtu kwa kufuata utaratibu wa kazi yake. Ubaya ni kwamba jioni alirudi nao nyumbani pamoja na harufu ya gundi. Ufagio wa jikoni ulikuwa na jalada lake. Mapazia ya sebuleni yalilinganishwa na mapazia mengine miezi mitano, mpaka mwenye duka akachoka kungoja akayatundika kwake. Na mkewe alipojifungua mapacha, inasemekana baba aliposhikishwa watoto wawili aliuliza wa tatu yuko wapi. Mkewe anakana habari hiyo, lakini anakana huku anacheka.

Mkewe alikuwa mkunga, na watu hawakuelewa wawili wale walikutana wapi. Wodini kwake mama huyo akisema sukuma, mtu anasukuma. Hajatokea mzazi aliyeomba kamati ikae kwanza.

Sasa, mkuu wa idara ya manunuzi alistaafu, na Bwana Tatu akaambiwa akaimu nafasi ile kwa muda. Muda wenyewe ukawa miaka minne. Alihamia ofisi ya mzee yule, lakini jina mlangoni lilibaki la mzee. Hata kiti hakukishusha. Mzee alikuwa mrefu kama mlingoti, Bwana Tatu ni wa kimo cha wastani kwa kumhurumia, basi miaka minne mtu mzima alikaa ofisini miguu inaning'inia, anasaini barua kwa niaba ya mtu aliyekuwa nyumbani kwake anafuga kuku.

Mara mbili nafasi hiyo ilitangazwa, mara mbili Bwana Tatu akaenda kwenye usaili, na mara mbili jopo likatoka linapiga miayo na kuandika kwamba hajapatikana mtu wa kufaa. Sasa ilitangazwa mara ya tatu. Wiki tano tu mbele. Safari hii mkurugenzi alisema mtu atapatikana, apende asipende, na waombaji wa kuhesabika walikuwa wawili: yeye, na binti mmoja ambaye Bwana Tatu alimfundisha kazi mwenyewe, wakimwita Chapchap. Huyu Chapchap ndiye aliyewahi kukuta gundi imeisha Ijumaa saa tano asubuhi, mashine zimesimama, wafanyakazi sitini wamekaa juu ya sponji wanapiga soga, akampigia simu muuzaji mmoja, gundi ikafika kabla ya chakula cha mchana, kisha ndipo akaandika barua. Mkurugenzi alimshukuru. Bwana Tatu alimwandikia onyo.

Tuseme wazi, maana yeye mwenyewe hakusema: Bwana Tatu alikitaka cheo kile. Alikitaka mpaka usingizini. Alikuwa na miaka hamsini na minne na alijua mara ya nne haipo. Akikosa, ndiye atakayebeba majalada kumpelekea Chapchap asaini.

Aliyeleta habari ya kocha ni shemeji yake, kaka wa mkewe, kinyozi. Kinyozi huyu anajua kila kitu, kwa sababu watu wote wa mtaa huinamisha vichwa mbele yake na mdomo wao unabaki wazi.

"Shemeji, siku hizi watu hawaendi kwenye usaili hivihivi," alisema akiwa amejinyoosha kwenye kochi la watu. "Unatafuta kocha. Anakunoa. Unaingia mle umenyooka kama wembe mpya."

"Kocha wa nini? Mimi nacheza mpira?"

"Kocha wa maisha, wa kazi. Wako wengi, wamejaa tele kwenye simu. Shida ni kumpata wa kweli."

Mkunga alikuwa anakunja nguo. Hakuinua macho. "Baba Pacha, muulize tu mtu mmoja anayejua, akusaidie, uende zako. Mchagua jembe si mkulima."

Lakini Bwana Tatu alikuwa ameshalisikia neno alilolipenda kuliko yote duniani. Wako wengi. Kama wako wengi, basi lazima walinganishwe.

Wiki ya kwanza aliimaliza akiandika waraka wa zabuni. Kurasa ishirini na mbili, zenye ufafanuzi wa maneno mwanzoni, na neno la kwanza kufafanuliwa lilikuwa "Kocha". Waombaji waliagizwa kuleta nakala tatu katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Alama zilikuwa mia moja: vyeti thelathini, ubora wa maandishi thelathini, uzoefu ishirini, mhuri kumi. Kumi zilizobaki aliziweka kwenye kifungu cha mwisho kilichoitwa "Mengineyo", na humo ndimo ilimokaa, kati ya unadhifu na namba ya simu inayopatikana, habari ya kwamba kocha awe amewahi kumsaidia mtu.

Wiki ya pili na ya tatu zilipita katika kungoja bahasha. Mkewe alikuwa akimkumbusha siku zilizobaki kama anavyowakumbusha wajawazito, kwa ukali wenye mapenzi ndani yake. "Mimi nakwambia, tumbo likishafika mwezi wa tisa halingoji ulinganishe vitanda."

"Haraka haraka haina baraka," alijibu mumewe.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Chagua methali yako."

Aliteua kamati ya tathmini ya watu watatu: mkewe, shemeji yake, na yeye mwenyewe akiwa katibu. Mkewe alikubali kwa sababu alikuwa na zamu ya usiku na mchana alikuwa nyumbani hata hivyo. Shemeji alikubali kwa sababu alisikia kutakuwa na soda.

Wa kwanza kuja kujieleza aliitwa Kocha Ngurumo, jina alilojipa mwenyewe, na halikumwonea. Viatu vyeupe, suti ya kubana, saa ya ukubwa wa kisosi. Sebule ilikuwa ya watu watano, yeye akaingia na kipaza sauti.

"Mabingwa!" alinguruma. Vikombe kabatini vikaitikia. "Nani hapa ni mshindi?"

Shemeji ndiye aliyeinua mkono nusu, kama mtoto asiye na uhakika na jibu.

"Simama juu ya kiti, bingwa! Mwambie jirani yako: mimi sikuzaliwa kushindwa!"

Kinyozi na kilo zake tisini akapanda kochi, akamtazama dada yake aliyekuwa ndiye jirani wa karibu, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hakuzaliwa kushindwa. Dada yake akamwambia ashuke, springi za kochi nazo hazikuzaliwa kumbeba.

Kwenye maombi yake Kocha Ngurumo aliandika kuwa ana uzoefu wa miaka ishirini. Mkunga, ambaye kwa kazi yake umri wa mtu anauona usoni, alimuuliza ana miaka mingapi. Akasema ishirini na saba. Akaulizwa kabla ya ukocha alifanya kazi gani. Akasema alikuwa anajiandaa. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilivuma dakika arobaini. Jirani wa upande wa pili alituma mtu kuuliza kama kuna msiba.

Wa pili walimwita Mwalimu Vyeti, na hilo ni jina walilompa wao, kwa sababu alikuja na sanduku la magurudumu lenye vyeti kumi na saba vilivyopigwa plastiki. Alikuwa mtu mpole wa sauti ya chini, aliyefunga macho kila alipomaliza sentensi, na alikuwa na imani moja: kocha hasemi, kocha anauliza.

"Karibu. Utakunywa maji au chai?" mkunga alimuuliza.

Akafumba macho. "Wewe unaona ninahitaji nini?"

Mkunga akaenda jikoni akajimiminia chai yake peke yake.

Bwana Tatu alimuuliza atamsaidiaje kujibu maswali ya jopo. Mwalimu Vyeti akamuuliza yeye mwenyewe anaona msaada ni nini. Akamuuliza mafunzo yatachukua siku ngapi. Akaulizwa siku ni nini kwake. Wakaendelea hivyo saa nzima, na mwisho wa saa hiyo kilichojulikana ni kwamba mgeni ana vyeti kumi na saba. Lakini nakala zilikuwa tatu, lakiri ilikuwa nyekundu, na kila ukurasa una mhuri. Bwana Tatu aliupapasa ule mhuri kwa kidole kama mtu anayempapasa mtoto shavu.

Wa tatu alikuwa mama mnene wa miaka sabini hivi, mstaafu, aliyefanya kazi ya utumishi katika kiwanda cha sabuni na kukaa kwenye majopo ya usaili miaka ishirini na minane. Mkunga ndiye aliyemtafuta, kimyakimya, kupitia muuguzi mwenzake. Alikuja na mfuko wa plastiki wenye miwani na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono. Hakuwa na bahasha. Alipoulizwa nakala nyingine mbili ziko wapi, alisema hakujua kama watu wa nyumba hii husoma kitu kimoja mara tatu.

Hakujieleza. Alimwambia Bwana Tatu, "Haya mwanangu, mimi ni jopo. Nieleze wewe ni nani."

Bwana Tatu akakohoa, akaanza. Alieleza idara ilivyoanzishwa, kamati ilivyoundwa, kamati ilivyopitia taratibu, mapendekezo ya kamati yalivyopokewa. Mama alivaa miwani, akamsikiliza dakika tano bila kupepesa, kisha akainua kiganja.

"Umesema 'kamati' mara kumi na moja," alisema. "Nimehesabu. 'Mimi' hujasema hata mara moja. Ukienda hivyo hawatakunyima kwa kukuchukia, mwanangu. Watakunyima kwa sababu hawatakuwa wamemwona mtu. Nipe siku tatu tu. Nitakuwa nakupiga kwa hii miwani kila ukisema kamati."

Mkunga aliweka kikombe chini. Alitaka kusimama ampigie makofi. Hata shemeji aliacha soda.

"Asante sana mama," alisema Bwana Tatu, akaandika. "Kamati itakujulisha."

Tathmini ilifanyika Jumatano. Usaili ulikuwa Jumatatu inayofuata. Mama mstaafu aliondolewa hatua ya awali kwa kukosa bahasha, nakala na lakiri. Mkewe alisema huo ni wazimu, katibu akaandika kwamba mjumbe mmoja alikuwa na maoni tofauti. Mwalimu Vyeti alipata alama themanini na mbili. Kocha Ngurumo alipata themanini na moja na nusu, nyingi zikitoka kwa kinyozi, aliyekuwa bado anajisikia mshindi. Mchagua nazi hupata koroma, wahenga walishasema, lakini wahenga hawakuwahi kumwona mtu aliyeipigia koroma mhuri.

"Haya, mpigie huyo wako wa maswali aje kesho," alisema mkunga. "Afadhali huyo kuliko hewa."

"Kesho haiwezekani. Kuna siku saba za kupokea malalamiko ya walioshindwa. Mkataba hausainiwi kabla."

Mkewe alihesabu kwa vidole, polepole, ili naye aone. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. "Usaili ni siku ya tano, Baba Pacha."

"Nimeliona hilo."

"Umeliona?"

"Liko kwenye taarifa, ukurasa wa tisa, chini ya changamoto."

Na malalamiko yakaja kweli, maana mwenye nyumba akitangaza kuwa analamba watu miguu, hawakosekani wa kuinyoosha. Kocha Ngurumo alileta barua siku ya Ijumaa: nusu alama aliyozidiwa ilitokana na mjumbe wa kike kumkatisha kwa kumuuliza umri. Mtu mwingine yeyote angeitumia karatasi ile kufungia vitumbua. Bwana Tatu aliisajili, akaifungulia jalada, akatumia Jumamosi nzima kuandika majibu yenye aya kumi na nne. Hakufanya mazoezi ya swali hata moja.

Jumapili mchana mkewe alivua ukali wote, akakaa karibu naye kwenye kochi lililobonyea.

"Nakuomba," alisema. "Mpigie yule mama. Nyumba yake ni nusu saa kutoka hapa. Nitakusindikiza mimi. Saa mbili tu pale kwake zinatosha."

Bwana Tatu alitazama simu. Tusimwonee: aliitazama muda mrefu, na mkono ulikwenda mpaka katikati ya meza. Kisha ukarudi.

"Aliondolewa, mke wangu. Nikimfuata kwa mlango wa nyuma itakuwa upendeleo."

"Upendeleo kwa nani?"

"Kwangu."

Mkunga alinyanyuka akaenda kulala kidogo kabla ya zamu yake. Alikuwa na hasira za kutosha kuzalisha wodi nzima bila msaidizi.

Jumatatu Chapchap ndiye aliyetangulia. Alikaa ndani dakika kumi na tano, akatoka anajipepea kwa mkono, akamwambia bosi wake, "Kila la heri, mzee wangu," na alikusudia hivyo kweli. Bwana Tatu akaingia. Watu watano nyuma ya meza ndefu, jagi la maji, mkurugenzi katikati. Mkurugenzi huyu alimpenda. Katika miaka ile minne hakuwahi kupoteza hata boksi la uzi kwa sababu ya Bwana Tatu, na alikuwa amewaambia wenzake asubuhi ile kwamba mzee akiongea vizuri nusu ya Chapchap, kazi ni yake.

Bwana Tatu akaongea. Akaanza na mwaka ilipoanzishwa idara. Alipofika kwenye muundo wa kamati, mjumbe wa mwisho upande wa kushoto alishaanza kuchora maua pembeni ya karatasi.

"Kaka, subiri," mkurugenzi alimkatiza taratibu. "Idara tunaijua. Tuambie kwa nini tukupe wewe."

"Mheshimiwa, hilo ni la jopo kuamua. Mimi nikijisemea, utakuwa mgongano wa maslahi."

Mtu mmoja alicheka, akadhani ni utani. Alipoona si utani, akanywa maji.

Mkurugenzi aliegemea mbele. Alikuwa anamnyooshea kamba, na kila mtu mle ndani aliiona kamba yenyewe isipokuwa aliyenyooshewa. "Basi nijibu hili moja tu, kwa neno moja. Unaitaka kazi hii?"

Neno lilikuwepo. Lilikuwa kooni, limekaa pale miaka minne, na Bwana Tatu alilisikia linavyopanda. Alifungua mdomo. Kilichotoka ni hiki: "Nitaridhika na uamuzi wowote utakaofikiwa kwa kufuata utaratibu."

Wakamshukuru. Wakaridhika kwamba ataridhika.

Barua ilitoka Jumatano. Ilikuwa barua nzuri, ya aya mbili, isiyo na kosa la utaratibu hata moja, na Bwana Tatu aliisoma mara tatu akitafuta. Kesho yake aliambiwa ahamishe vitu vyake arudi meza ya zamani, ile iliyo karibu na mlango wa stoo. Na jioni ya Alhamisi, kwa kuwa siku saba za malalamiko zilikuwa zimetimia, Mwalimu Vyeti alifika nyumbani na sanduku lake la magurudumu kuanza somo la kwanza. Alimkuta mkunga mlangoni.

"Usaili umeshapita," alimwambia. "Amekosa."

Mwalimu Vyeti akafumba macho. "Na wewe unaona kukosa ni nini?"

Alipoyafumbua mlango ulikuwa umefungwa, na sanduku lilikuwa limesukumwa mpaka barabarani.

Bwana Tatu alikuwa mezani jikoni, kakaa mbele ya sahani ambayo hakuigusa. Mkewe akavuta kiti akakaa mbele yake. Hakumpa methali. Alikuwa amezitayarisha nyingi tangu Jumapili, kali kalikali, lakini alipomwona uso zikamtoka.

"Nilikuwa naitaka," alisema Bwana Tatu. Sauti ilimkwaruza kana kwamba imetolewa stoo. "Ile kazi. Mimi nilikuwa naitaka sana. Mimi ndiye niliyeibeba miaka minne. Mimi naijua kuliko mtu yeyote mle ndani, na nilikuwa naitaka mpaka naumwa." Na akalia, mtu mzima, bila kujificha, mabega yote yanatikisika.

Mkewe alizunguka meza, akamshika kichwa akakilaza kifuani kwake kama anavyowashika waliojifungua wakarudi mikono mitupu. Alimwacha alie mpaka akatulia.

"Umesema vizuri, Baba Pacha," alimwambia. "Sijapata kukusikia ukisema vizuri hivyo. Lakini unaniambia mimi, na mimi sina cheo cha kukupa."